Kilo Mbili za Sukari

Kila Ijumaa, saa nne kasorobo, kabla kengele ya mapumziko haijalia, Mwalimu Dama Ruwa hutoa ufunguo mdogo mkobani na kwenda kusimama mbele ya sanduku. Sanduku lenyewe ni la mbao, limepakwa rangi ya buluu, na limegongomelewa ukutani karibu na bomba la maji, mahali ambapo mtoto anaweza kujifanya anakunywa maji huku mkono mmoja ukitumbukiza karatasi. Aliyechagua mahali hapo ni Dama mwenyewe. Fundi alitaka kulitundika mlangoni pa ofisi ili lipendeze macho ya wageni, Dama akamwambia wageni hawana shida ya kupigwa.

Halifunguliwi na mtu mmoja. Ndivyo kanuni inavyosema, na kanuni imetundikwa ofisini ndani ya fremu, kwa herufi kubwa ambazo hata aliyesahau miwani atazisoma. Kwa hivyo Bi Nadhira, mwalimu mkuu, huacha chai yake ikipoa akatoka kuja kushuhudia. Bi Nadhira ni mtu wa nyumba za wenye mji, babu zake walikuwa wauza vitambaa, na buibui lake halijawahi kuonekana na kunjo hata siku moja. Dama hufungua kufuli, huingiza mkono mpaka kwenye kona za sanduku, huutoa mtupu. Kisha hufungua daftari, huandika tarehe, na mbele ya tarehe huandika: Hakuna. Wote wawili hutia sahihi. Zamani Bi Nadhira alikuwa akisema "Alhamdulillahi" kwa mazoea, lakini siku hizi hasemi, kwa sababu wanajua wote wawili kwamba sanduku tupu katika shule ya watoto mia tisa si dalili ya raha.

Kuna wakati lilikuwa likijaa. Watoto waliandika kila kitu. Uji una moshi. Choo cha wasichana hakina kitasa. Mwalimu Bonface anafinya masikio. Mmoja aliwahi kuandika kwamba Mwalimu Dama apunguze insha kwani vidole vyao navyo ni vya binadamu, na Dama alicheka kutwa nzima, na insha akaongeza. Katikati ya hayo ya kuchekesha yalikuja mengine yasiyochekesha, na ni kwa ajili ya hayo sanduku lilitundikwa.

Huyo aliyecheka ndiye Dama wa zamani. Alizaliwa Kaloleni, akaolewa Likoni na fundi wa friji aitwaye Gershom, akafundisha Kiswahili miaka ishirini na mmoja katika shule ile ile ya serikali hapo Shika Adabu. Kicheko chake kilisikika mpaka getini. Ndiye mwalimu wa ushauri nasaha, yaani yule ambaye mtoto akiwa na jambo asiloweza kulisema kwingine hupelekwa kwake. Kazi hiyo haina nyongeza ya mshahara wala kiti cha maana. Ina chumba kidogo kilichokuwa stoo ya mipira, viti viwili vya plastiki, na boksi la karatasi laini za kupangusia machozi ambalo Dama hulinunua mwenyewe.

Dama wa sasa hucheka pale panapotakiwa kuchekwa. Husahihisha madaftari, hupanga zamu, huitikia salamu, hupika. Ukimwuliza habari atakwambia nzuri, na hatakuwa amekudanganya, maana ubaya pia hausikii. Ni kama mtu aliyeukalia mguu wake muda mrefu: anaufinya, anajua ni wake, lakini haumwambii kitu. Hajalia hata mara moja tangu Februari ya mwaka jana. Walimu wenzake husema ana moyo mgumu, na wengine humsifu kwa hilo.

Nyumbani aliacha kutia sukari kwenye chai. Gershom alimwuliza kama amepimwa akakutwa na kisukari.

"Sijapimwa."

"Basi sukari imekukosea nini?"

"Imenikinaisha tu."

Gershom hakuendelea. Kazi ya friji imemfundisha kwamba kuna mlio ambao ukifungua kifuniko unauzidisha.

Jambo lenyewe lilianza kwa sweta. Februari Mombasa joto lake hata kuku hukaa mdomo wazi, na katika joto hilo msichana mmoja wa Gredi ya Tano, Nyamvula, alikuwa akija shuleni na sweta lililofungwa vifungo mpaka shingoni. Alikuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, mwepesi wa kuandika, mzito wa kusema, aliyekaa dawati moja na Nafula, binti wa mama mmoja wa bara aliyehamia Likoni kuuza mboga. Dama alimwita kando.

"Husikii joto, mwanangu?"

"Sisikii, mwalimu."

Ijumaa ile ndani ya sanduku mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nyingi hadi ikawa ndogo kama pipi. Haikuwa na jina. Iliandikwa: "Nikichelewa kupika nachapwa na waya. Usiku nafungiwa jikoni. Msimwite baba kwa sababu yuko Voi na hana nauli." Dama hakuhitaji jina. Alikuwa amesahihisha insha za mwandiko huo miaka miwili.

Kanuni ya ukutani ilikuwa wazi. Mwalimu akipata habari kama hiyo hachunguzi mwenyewe, haendi kumwuliza mlezi, hapigi hodi kwa mtu. Humwambia mwalimu mkuu, na kabla ya saa ishirini na nne kwisha afisa wa watoto na polisi wawe wamearifiwa. Na aliyesema hatajwi. Dama aliijua kanuni hiyo kwa moyo, yeye ndiye aliyeitundika.

Lakini nyumba aliijua pia. Nyamvula mamake alikwisha kufa, na alikuwa akilelewa na shangazi yake, Florence. Mume wa Florence ni Changawa, na Changawa ni wa mbari moja na Dama. Kwenye matanga na kwenye arusi walikaa mkeka mmoja, na Florence alimwita Dama wifi. Kumpeleka wifi yako polisi kabla hujampigia hodi, kwa watu wa Dama, ni jambo la kusimuliwa na wajukuu. Kwao, mtu akikosea, unakwenda kwake mchana, unakaa, unakula alichonacho, unalisema jambo kwa sauti ya chini, naye anaona haya na kujirekebisha. Ndivyo Dama alivyolelewa, na ndivyo alivyoona wazee wakitengeneza nyumba zilizokuwa zikibomoka. Mtaa wenyewe unaitwa Shika Adabu, na watu wake wameishika kwa mikono miwili, wakati mwingine mpaka wanashindwa kushika kitu kingine.

"Nipe kesho tu, mwalimu," Dama alimwambia Bi Nadhira. "Niende nikaseme nao kwa uzuri."

"Dama, mimi nna wasiwasi."

"Ni watu wangu hawa."

"Ndiyo maana nna wasiwasi."

Lakini Bi Nadhira naye alilelewa katika nyumba ambamo aibu ya mtu husitiriwa kwanza, mengine baadaye. Aliitazama ile karatasi, akatazama ukutani, akakipangusa kioo cha saa yake kwa ncha ya mtandio.

"Haya," akasema. "Kesho. Jumatatu asubuhi mimi naandika barua, wallahi, liwe liwalo."

Mkono mtupu haulambwi. Jumamosi Dama alipitia dukani akanunua kilo mbili za sukari, akazitia kikapuni, na kwa kuwa kikapu kilikuwa kifupi zile pakiti zikabaki zinachungulia. Alikatiza mtaa mzima hivyo. Wasichana waliokuwa uwanjani wakicheza kati, mchezo wa kurushiana mpira, waliacha mpira wakamwamkia, "Shikamoo mwalimu," na Nafula, ambaye kwao ni ploti inayotazamana na ya Changawa, alikuwa miongoni mwao. Wote walimwona anakoingia.

Florence alimpokea vizuri kuliko alivyotarajia. Mkeka ulitandikwa, kuku akachinjwa, sukari ikapokewa kwa mikono miwili. Aliyeleta maji ya kunawa alikuwa Nyamvula, birika mkono mmoja, beseni mkono mwingine, sweta mwilini. Aliinama akamimina. Hakuinua macho. Dama alimbana kidole chake kidogo chini ya maji, kumwambia atulie, mambo yanatengenezwa. Mtoto alimaliza kumimina, akatumwa dukani.

Ndipo Dama aliposema, kwa sauti ya chini, kama inavyotakiwa. Florence alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja tu.

"Nani kakwambia, wifi?"

Dama hakutaka aonekane mtu wa kuokota maneno ya barabarani. Alitaka Florence ajue kwamba amekuja na jambo la hakika.

"Mtoto mwenyewe kaandika. Mwandiko wake naujua."

Basi. Alilisema kama mtu anayetaja saa. Florence alijifunika uso kwa leso akalia, akasema ni shetani, ni shida, hatarudia. Changawa alisema, "Ahsante kwa kutusitiri, dada. Mwingine angetupeleka mbiombio." Wakala kuku. Nyamvula alirudi akawamiminia maji mara ya pili, Dama akanawa, akaaga, akarudi kwake moyo mweupe. Jioni hiyo alimwambia Gershom kwamba mambo mengine hayataki serikali, yanataka watu.

Jumatatu kiti cha Nyamvula kilikuwa kitupu.

Bi Nadhira aliandika barua yake asubuhi hiyo hiyo kama alivyoapa. Afisa wa watoto, Bwana Safwan, alifika siku ya pili pamoja na polisi. Florence alisema mtoto ameenda kwa bibi yake Samburu. Huko Samburu bibi akasema hajamwona tangu Krismasi. Florence na Changawa walichukuliwa, wakahojiwa, wakafikishwa mahakamani, wakatoka kwa dhamana, na kila walipoulizwa walisema mtoto alitoroka njiani. Maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Baba yake alikuja kutoka Voi na vumbi la machimbo kwenye buti zake, akakalishwa katika stoo ya mipira kwa sababu hapakuwa na mahali pengine, akauliza swali moja mara nne: "Nani alimwona mwisho?" Dama alimpa karatasi laini. Alimtazama anapangusa macho, akangoja yeye mwenyewe asikie kitu, hakusikia. Tangu hapo hajasikia.

Walimu wote wawili waliandikiwa barua za onyo, na barua hizo zilikuwa za haki. Bi Nadhira aliitia yake kwenye fremu ya ile kanuni ya ukutani, nyuma yake, mahali ambapo ni yeye na Dama tu wanajua ipo.

Na watoto wakaacha kuandika. Hakuna aliyewakutanisha akawaambia. Mtoto haambiwi mambo kama hayo, huyaona. Walimwona mwalimu wa sanduku akipita na kikapu, wakaona mwenzao hayupo, wakajumlisha wenyewe. Tangu hapo hakuna aliyelalamikia hata uji.

Hivyo ndivyo mwaka ulivyopita, Hakuna juu ya Hakuna, mpaka Ijumaa moja ya Juni mwaka huu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na mbao za sanduku zilikuwa zimevimba, kifuniko kikawa kigumu. Dama alikivuta, akaingiza mkono bila kutarajia kitu, na vidole vyake vikagusa karatasi.

Alimpa Bi Nadhira kwanza. Hilo pia liko kwenye kanuni, na zamani alikuwa halifuati. Bi Nadhira alisoma midomo ikichezacheza, kisha akamrudishia.

"Nimemwona Nyamvula. Yuko Kiembeni, nyumba ya geti la kijani nyuma ya kibanda cha makaa. Anafanyishwa kazi. Nilimwita akanigeuzia uso. Tafadhali mwalimu usiende na sukari."

Dama aliisoma mara mbili. Mwandiko aliujua papo hapo, zile herufi zinazolala kushoto kama zimechoka. Alijua pia kwamba mwenye mwandiko ana mama mdogo Kiembeni ambaye huenda kumtembelea wikendi. Bi Nadhira alimwangalia.

"Wamjua aloandika?"

"Karatasi haina jina, mwalimu."

"Nakuuliza wewe."

"Nami nakujibu. Haina jina."

Bi Nadhira akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa jibu alilokuwa akilitaka. Wakaingia ofisini, wakafunga mlango, na saa nne na dakika tano Bwana Safwan alikuwa kwenye simu. Aliuliza maswali machache. Akawaambia wasimwambie mtu, wasiende, wasimtume mtu kwenda kutazama, na kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayemwita baba wa mtoto, atakapokuwa na la kumwita nalo. Dama aliandika saa kwenye daftari. Mahali pa Hakuna aliandika: Moja. Kisha akaenda kufundisha ngeli.

Wanasema dunia ni duara, na kwa Likoni ni duara dogo sana. Jioni ile ile, kwenye meza ya nyanya karibu na stendi, alikutana uso kwa uso na Florence. Alikuwa amekonda. Tangu kesi ilipoanza walikuwa wakionana mazishini tu, kila mmoja upande wake wa mkeka.

"Wifi. Siku nyingi."

"Nyingi, wifi. Hujambo?"

"Sijambo. Changawa anaumwa mgongo. Nawe hupiti hata kutujulia hali."

"Kazi, wifi."

Florence alichagua nyanya moja, akaibonyeza, akairudisha.

"Hakuna habari yoyote ya mtoto?"

Adabu yote ya mamake na bibi yake ilimpanda Dama kooni. Mtu amekuuliza kwa uzuri, mtu wa nyumba yako, amesimama mbele yako amekonda. Na huenda kweli hajui, huenda alimkabidhi mtu mtoto na mtu huyo akamkabidhi mwingine. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Neno moja tu la kumtuliza lingetosha, na simu moja ya Florence ingetosha pia, na geti la kijani lingekuwa tupu kabla ya Isha.

"Hakuna," Dama akasema.

"Hata fununu?"

"Hata fununu. Wifi, naona mvua inarudi, acha niwahi."

Alilipia nyanya zake, akaondoka, na alipofika nyumbani aliona amezibonyeza zote zikapasuka. Gershom alizipika hivyo hivyo. Dama alilala macho wazi, si kwa hofu hasa, bali kwa kungoja tu.

Simu ililia Jumamosi saa tano asubuhi. Bwana Safwan si mtu wa maneno mengi. Alisema yuko naye, mzima, ana makovu ya zamani na mikono iliyochubuka, daktari amemwona. Mwenye nyumba anaandikisha maelezo. Baba yuko njiani kutoka Voi. Mtoto hataki kuzungumza na mtu, lakini alipoulizwa ni nani anayemjua amesema Mwalimu Dama. Kama anaweza kuja, aje.

Dama alivuka feri na kwenda ofisi ya watoto, Kisauni, mikono mitupu. Njiani alipita maduka kumi yanayouza biskuti, juisi, chochote cha kumshikia mtoto, na kila alipopunguza mwendo aliongeza tena.

Nyamvula alikuwa amekaa kwenye benchi katika chumba chenye ukuta uliochorwa vipepeo. Alikuwa amerefuka. Alivaa dera la mtu mzima lililokunjwa kiunoni na kufungwa kwa mkanda wa kitambaa. Mikono yake ilikuwa mapajani, viganja chini, kama mtu anayeficha kitu. Mbele yake palikuwa na kikombe cha chai kilichopoa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Dama akakaa kwenye ncha nyingine ya benchi. Alikuwa amesomea maneno ya wakati kama huo, ana cheti chake. Hakuna lililokuja. Nje mtu alikuwa akifagia.

"Nafula yuko shuleni bado?" Nyamvula akauliza.

"Yuko."

"Alikuja pale kwenye makaa. Aliniita."

"Nasikia hukumjibu."

"Yeye ndiye aliyesema." Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtoto anayekariri jedwali la kuzidisha alilolikariri mwaka mzima. "Karatasi yangu haikuwa na jina, mwalimu. Nilimwambia yeye peke yake kwamba nimeandika. Halafu ukaja nyumbani. Usiku shangazi akasema mimi ndiye niliyeandika, ameambiwa. Kulipokucha nikapelekwa. Ni Nafula aliyekwambia."

Dama alielewa basi kwamba mtoto huyu, katika hilo geti la kijani, hakuwa na rafiki hata wa kumkumbuka. Huyo naye Dama alikuwa amemnyang'anya. Na alielewa jambo la pili, nalo lilikuwa baya zaidi: kwamba akinyamaza, hakuna atakayejua. Nafula hakuwa na namna ya kujitetea, hakujua hata kama ameshtakiwa. Nyamvula angekwenda Voi na babake akakua huko akiamini hivyo, na Mwalimu Dama angebaki yule mtu pekee ambaye mtoto alimtaja alipoulizwa ni nani anayemjua.

"Nafula hakuniambia kitu," akasema. "Mwandiko wako niliujua mwenyewe. Nilikuja kwenu, shangazi yako akaniuliza ni nani kasema, nami nikamwambia. Ni mimi."

Nyamvula akageuka akamtazama. Ilikuwa mara ya kwanza kuinua macho.

"Wewe."

"Mimi."

"Na sanduku limeandikwa jina halitajwi."

"Limeandikwa."

Mtoto alifikiri kidogo. Dama alimngoja. Angepigwa kofi angeshukuru.

"Na ukala kuku," Nyamvula akasema.

"Nilikula."

Mtoto akakisukuma kando kikombe cha chai. Kisha Nyamvula akaomba karatasi na kalamu. Bwana Safwan alimletea. Aliandika ameinamia benchi, mkono mmoja umeziba kama anayeogopa kunakiliwa kwenye mtihani, na viganja vyake vilipogeuka Dama aliviona, vimechubuka na kupauka kwa sabuni. Alipomaliza alikunja, akakunja tena, mpaka karatasi ikawa ndogo kama pipi.

"Mpe Nafula. Usiisome."

"Sitaisoma."

"Wala usimwambie mtu mwingine ampe."

"Nitampa mwenyewe, mkononi."

Akamkabidhi. Dama aliitia karatasi katika kile kijimfuko cha mkoba anachowekea ufunguo wa sanduku. Baba alifika saa nane, buti zile zile, na Dama aliondoka kabla hawajamaliza kukumbatiana, kwa sababu hapo hapakuwa pake.

Jumapili alishinda nayo ndani ya nyumba. Mara mbili alifungua mkoba kuhakikisha ipo, na mara mbili aliufunga. Gershom alimwuliza ana nini humo. Akamwambia barua ya mtu.

Jumatatu alimngoja Nafula nje ya mlango wa Gredi ya Sita kabla ya gwaride. Msichana alipomwona alisimama mbali kidogo. Huo ndio umbali ambao watoto wote wa shule hiyo walikuwa wakisimama naye tangu mwaka jana, na Dama alikuwa amejizoeza kutouona.

"Nyamvula amepatikana," akasema kwa sauti ya chini. "Yuko na babake. Sikwenda mimi, walikwenda wanaohusika. Amenipa hii nikupe."

Hakumwuliza kama ni yeye aliyeandika. Nafula naye hakusema. Aliipokea karatasi, akaigeuza, akaikagua mikunjo yake mmoja baada ya mwingine, akiangalia kama kuna uliolegezwa na kukunjwa upya. Alichukua muda wake. Kisha akainua macho.

"Umeisoma, mwalimu?"

"Sijaisoma."

Msichana alimtazama usoni, sana, bila adabu yoyote, kama mtu mzima anavyomtazama mtu mzima mwenzake aliyewahi kumdanganya.

"Haya," akasema. Akaitia karatasi ndani ya soksi, akaingia darasani.

Dama aligeuka akaenda kwenye stoo ya mipira, akafunga mlango kwa ndani. Alikalia kiti cha wageni, kile cha wanaokuja kulia, akalivuta boksi la karatasi laini karibu. Kengele ililia. Gredi ya Sita walikaa bila mwalimu wa Kiswahili robo saa nzima, na hakuna aliyekwenda ofisini kumsema.